Aliyechafua Mto Ndiye Alipe

Mkulima, ng'ombe wa jirani wakivunja ua na kula mahindi yako, nani hulipa? Kila mtu hapa Machakos anajua jibu. Mwenye ng'ombe hulipa. Wazee huja shambani, huitazama mistari iliyoliwa, kisha hutaja malipo. Wala mwenye ng'ombe hawezi kuponyoka kwa kusema kwamba ng'ombe wake walikuwa na njaa.

Sasa jiulize swali la pili. Mtu akimwaga uchafu mtoni, na maji hayo yakaunguza mboga zako au yakaua ndama wako, nani hulipa? Mara nyingi aliyelipa ni wewe. Ulilipa kwa mazao yaliyopotea, kwa kununua maji ya mitungi, na kwa kumpeleka mtoto zahanati. Aliyemwaga uchafu hakutoa hata senti moja.

Sheria ya Kenya haikubaliani na jambo hilo. Husema: aliyechafua ndiye alipe. Lakini sheria haitembei kwa miguu yake yenyewe. Lazima mtu aiamshe.

MAJI HUTOKA MBALI

Mto Athi hauanzii kwetu. Maji yake huteremka kutoka upande wa Ngong, na mto Nairobi, uliokwisha kupokea maji ya Mathare na Ngong, huungana nao kabla ya maporomoko ya Fourteen Falls, karibu na Ol Donyo Sabuk. Kisha mto hupita katika nchi yetu, huitwa Galana, halafu Sabaki, na kuingia baharini karibu na Malindi. Basi uchafu wa karakana, kichinjio au choo cha mjini waweza kufika katika mfereji wa mkulima ambaye hajapata kuuona mji huo.

Mfano mmoja ni wa Kiserian. Maji ya huko huingia Mbagathi, na Mbagathi ni mmoja wa mito inayofanya Athi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilisikiliza shauri la maji machafu ya mji huo yaliyokuwa yakiingia mtoni. Majaji walisema kwamba haki ya kuishi haikamiliki pasipo mazingira safi, wakaamuru upande wa Serikali ujenge mtambo wa kusafisha maji machafu.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilitungwa mwaka 1999. Ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, yaani NEMA. Shika mambo haya matatu.

Kwanza, faini si mwisho wa deni. Mahakama ikimtia mtu hatiani kwa kuchafua, yaweza kumwamuru pia alipe gharama yote ya kusafisha mahali hapo, na kuwafidia watu wengine walioumia.

Pili, NEMA yaweza kumpa mchafuzi amri ya kurudisha mahali palipoharibika katika hali yake ya kwanza, bila ya kungoja kesi ya jinai.

Tatu, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 huongeza kwamba anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo halazimiki kuonyesha kwamba mtu amekwisha kuumia. Huna haja ya kungoja ng'ombe wafe ndipo upige kelele.

MAMBO YALIYOTOKEA MOMBASA

Yupo atakayesema, "Maneno haya ni matamu, lakini mtu mdogo hawezi kushindana na kiwanda." Na asikie habari za Owino Uhuru, kijiji cha watu maskini mjini Mombasa.

Kando ya kijiji hicho palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Moshi na maji yake viliingia nyumbani mwa watu. Risasi ni sumu mbaya, hasa kwa watoto, kwa maana hudhuru ubongo. Watoto walipopimwa, risasi ilionekana katika damu yao. Mama mmoja aliyepata kufanya kazi kiwandani humo, Phyllis Omido, aliongoza watu kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014.

Wanakijiji hawakuridhika na kufungwa tu. Walikwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mwezi Julai 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mahali pale pasafishwe, ama sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kazi hiyo. Waliotakiwa kulipa si wenye kiwanda peke yao. Ofisi za Serikali pia, NEMA ikiwamo, zilionekana kuwa na lawama, kwa kuwa hazikuwalinda watu. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi wa fidia, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliurudisha.

Angalia mambo mawili hapo. Watu wadogo walishinda kwa sababu walikuwa na vipimo vya damu na vya udongo, wala hawakutegemea kelele tu. Tena haki ilikawia miaka mingi, na fedha haziwezi kuondoa sumu iliyokwisha kuingia mwilini mwa mtoto. Kwa hiyo pigeni mbiu mapema.

UFANYE NINI?

1. Ukiona maji yamebadilika rangi au harufu, au samaki wamekufa, andika siku, saa na mahali katika daftari. Piga picha kwa simu. Mwite jirani ashuhudie.

2. Usiwape wanyama maji hayo, wala usinyweshee mboga.

3. Waarifu chifu, ofisi ya NEMA ya kaunti, na chama chenu cha watumiaji maji. Omba afisa aje achukue maji ya kupimwa. Maji uliyochota peke yako ni rahisi kubishaniwa.

4. Andika hasara yako: eneo la shamba, mboga zilizoungua, mnyama aliyekufa. Tunza risiti, na barua ya daktari wa mifugo.

5. Nendeni kwa umoja. Babu zetu walichimba matuta kwa mwethya, na mashauri ya mto hufaa yaendewe kwa mwethya vilevile. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo Machakos mjini.

6. Usikawie. Madai ya hasara yako mwenyewe kwa kawaida hufungwa baada ya miaka 3.

Usivunje bomba la mtu wala kuchoma ghala lake. Ukifanya hivyo, utakayelipa ni wewe.

SHERIA HII HUKUTAZAMA NA WEWE

Usidhani mchafuzi ni kiwanda kikubwa tu. Maji ya kuoshea kahawa yakiachwa yaingie mtoni huoza, hula hewa iliyomo majini, na samaki hufa. Kama kiwanda hicho cha kahawa ni cha chama chenu cha ushirika, basi deni hilo ni la wanachama, na wewe u mmoja wao. Ulizeni katika mkutano mkuu: mashimo ya maji machafu yapo? Yamejaa?

Kadhalika usioshe bomba la dawa mtoni. Maji ya josho la ng'ombe yasielekezwe bondeni. Na anayechota mchanga mpaka mto ubaki mwamba mtupu ajue kwamba mchanga ule ndio ghala la maji ya kiangazi. Naye ana deni kwa wanaochimba visima chini yake.

Aliye juu ya mto amshike mkono aliye chini. Na asipotaka kwa hiari, daftari lako liwe tayari.