Pavana: ngoma ya makasri iliyookolewa na padri

Ngoma nyingi humtoa mchezaji jasho. Tunayoieleza leo haikukusudiwa hivyo. Kazi yake ilikuwa kutembea polepole na kuonekana.

Inaitwa pavana. Ilichezwa kwenye makasri ya Ulaya katika miaka ya 1500. Mwaka 1508 ilikwishachapishwa mjini Venice, Italia, katika kitabu cha Joan Ambrosio Dalza cha muziki wa luti. Luti ni ala ya nyuzi, ndugu wa udi tunaousikia kwenye taarabu. Hata jina lake limetoka kwenye neno hilohilo la Kiarabu. Jina pavana wengine hulihusisha na mji wa Padova, wengine na tausi na mkia wake.

Wachezaji walijipanga wawili wawili, mwanamume na mwanamke, wameshikana mkono, wakauzunguka ukumbi. Bwana alivaa joho na upanga kiunoni. Bibi aliburuza gauni lenye mkia mrefu. Pavana ilipigwa pia bibi harusi alipopelekwa kanisani.

Hatua zake si ngumu. Ngoma ndogo hupiga pigo moja refu na mawili mafupi, tena na tena. Hesabu hadi nane. Moja, mguu wa kushoto mbele. Mbili, wa kulia unaufuata na miguu inakutana. Tatu, wa kulia mbele. Nne, wa kushoto unaufuata. Tano, sita, saba, tembea kushoto, kulia, kushoto. Nane, miguu inakutana. Kisha rudia ukianza na mguu wa kulia, kwa kwenda mbele au kurudi nyuma. Mara nyingi ilifuatwa na galiarda, ngoma ya kurukaruka.

Tunazijuaje hatua hizi? Kwa sababu padri mmoja wa Langres, Ufaransa, aliziandika. Aliitwa Jehan Tabourot. Mwaka 1589, akikaribia umri wa miaka 70, alitoa kitabu kiitwacho Orchésographie. Alizipangua herufi za jina lake akajiita Thoinot Arbeau. Ndani yake mwalimu anajibu maswali ya kijana aitwaye Capriol, na hatua zimeandikwa kando ya noti za muziki. Mwalimu huyo anasikitika kwamba ngoma za kale zimepotea bila kuelezwa na mtu.

Baadaye pavana nayo ikaachwa kuchezwa. Muziki wake haukufa. Mwaka 1604, Mwingereza John Dowland alichapisha pavana saba za huzuni. Wafaransa Gabriel Fauré mwaka 1887 na Maurice Ravel mwaka 1899 walitunga pavana zinazopigwa hadi leo.

Lakini noti za muziki hazikuambii utangulize mguu upi. Kwa hiyo leo, anayetaka kuicheza pavana, si kuisikiliza tu, hurudi kwenye kitabu cha yule padri mzee.