Usawiri wa Shujaa: Funzo Kutoka Filamu Bubu ya The Iron Mask

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, tuanze na jibu ambalo sote tumelisahihisha zaidi ya mara moja. Swali linasema: "Fafanua sifa za shujaa wa mighani ukirejelea shujaa yeyote unayemjua." Jibu linasema: "Shujaa huwa jasiri. Shujaa huwa mwerevu. Shujaa husalitiwa." Basi. Sifa zimetajwa lakini shujaa mwenyewe hayupo. Mtahini hutuza kile kidogo alichokiona na kusonga mbele, naye mtahiniwa hutoka chumba cha mtihani akiamini kuwa alama zote ni zake.

Makala haya yanadhamiria kueleza njia moja ya kuutibu udhaifu huo. Njia hii niliipata pasipotarajiwa: katika filamu isiyo na sauti iliyotolewa Marekani mwaka 1929.

Kwa nini filamu bubu?

Hapa Buruburu ninakofundisha, wanafunzi hawana uhaba wa filamu za mapigano. Wengi wamezizoea kupitia sauti ya msimulizi, kama vile DJ Afro hapa Kenya au Lufufu aliyevuma kule Tanzania. Msimulizi wa aina hii humpa mhusika jina jipya, humtilia maneno kinywani na kututangazia kuwa huyu ni mkali na yule ni mwoga. Sanaa yake ina undugu na ya fanani wa ngano, wala simdharau. Isitoshe, kuweka Kiswahili juu ya picha bubu si jambo geni kwetu. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao yake Vugiri, Tanganyika, ulitengeneza filamu ambazo maelezo yake ya Kiswahili na lugha nyinginezo yalichezwa kwenye santuri.

Hata hivyo, kuna hatari. Mwanafunzi anayeambiwa kila mara kuwa mhusika ni jasiri huzoea kupokea sifa bila kudai ushahidi. Filamu bubu humnyima starehe hiyo. Mhusika hasikiki, inambidi atende.

Filamu yenyewe

The Iron Mask iliongozwa na Allan Dwan. Mhusika mkuu, d'Artagnan, aliigizwa na Douglas Fairbanks, aliyekuwa na umaarufu mkubwa kwa filamu za upanga kama The Mark of Zorro (1920), Robin Hood (1922) na The Black Pirate (1926). Kisa kimetokana na riwaya za Mfaransa Alexandre Dumas, nayo filamu ni mwendelezo wa The Three Musketeers ya mwaka 1921. Wakati huo filamu za sauti zilikuwa zimeanza kutia fora, hasa baada ya The Jazz Singer (1927). Fairbanks alikubali kuzungumza katika hotuba mbili fupi tu. Sehemu iliyobaki aliiacha bubu.

Msuko wake ni huu. Malkia wa Ufaransa anajifungua mapacha. Mmoja analelewa kuwa mfalme, Louis wa Kumi na Nne. Wa pili anafichwa ili kusizuke ugomvi wa kiti. Mwovu Rochefort anamnasa pacha huyo na kumkuza kwa nia ya kuiteka Ufaransa. Miaka inapita. Siku moja mfalme halali anatekwa, anavishwa kinyago cha chuma na kufungiwa ngomeni, huku pacha wake akikalia kiti cha enzi. Mfungwa anakwaruza ujumbe kwenye sahani ya fedha na kuitupa nje; mvuvi anaiokota na ujumbe unamfikia d'Artagnan. Shujaa, ambaye sasa ana mvi, anawaita rafiki zake watatu wa ujanani. Wanamwokoa mfalme, lakini wote wanne wanapoteza maisha. Mwishoni tunawaona wakikutana tena na kuondoka pamoja mawinguni.

Sura si ushahidi

Tazama sasa kiini cha hoja yangu. Mfalme na pacha wake wameigizwa na mtu mmoja, William Bakewell. Sura ni moja na mavazi ya kifalme ni yale yale. Sauti haipo. Hadhira itamtambuaje mwema na mwovu? Kwa matendo tu: namna anavyomtazama mtumishi, namna anavyompokea rafiki wa zamani, namna anavyotumia amri. Nilipowaonyesha wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu filamu hii, mmoja alilalamika kuwa wahusika hao wanamchanganya. Nilimwomba asubiri. Baada ya maonyesho machache alisema mwenyewe: "Mwalimu, nimemjua. Huyu anadharau watu." Hapo alikuwa amefanya kazi ya uhakiki: ameona tendo, akatoa sifa. Watahiniwa wengi huanza na sifa, wasifike kwenye tendo.

Hata riwaya ya Dumas inatusaidia hapa. Kitabuni, anayefungwa kinyagoni ni pacha aliyefichwa, naye si mwovu. Ndiye anayestahili kuhurumiwa. Filamu imegeuza mizani hiyo. Kwa hivyo wema hautokani na jina la mhusika wala nafasi yake katika ukoo. Unajengwa na mtunzi kwa matendo anayomtendesha.

Turudi nyumbani kwa Liyongo

Huenda unajiuliza, mwalimu, Ufaransa yatuhusu nini sisi tunaofundisha mighani ya Waswahili. Mkumbuke Fumo Liyongo. Naye alifungwa gerezani kwa sababu ya hofu ya mtawala wa Pate. Naye alihitaji ujumbe utoke nje. Mfalme alitumia sahani na mvuvi. Liyongo alitumia utungo na kijakazi Saada. Mamake akaoka mkate mzuri na mkate wa wishwa, akaficha tupa ndani ya ule wa wishwa. Walinzi wakaula mzuri na kumwachia mfungwa ule duni. Ngoma ya gungu ilipopamba moto, mlio wa tupa ukimezwa na kelele, Liyongo akakata minyororo.

Katika visa vyote viwili, mtu mkubwa ameokolewa na mtu ambaye jamii haimhesabu. Hii ni hoja ya maudhui ambayo watahiniwa hawaigusi sana, ingawa imo wazi katika matendo.

Tofauti nazo zina uzito. D'Artagnan anakufa akimtumikia mfalme, kando ya rafiki waaminifu. Liyongo anauawa na mwanawe wa kumzaa, kwa sindano ya shaba kitovuni, naye anapiga goti karibu na kisima akiwa na uta mkononi, hata watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Wote ni mashujaa, lakini usaliti ndio unaomfanya Liyongo kuwa shujaa wa tanzia. Sifa ya "kusalitiwa" basi si ya kuorodheshwa tu. Lazima useme nani alimsaliti, kwa njia gani, na jamii ilipata hasara gani.

Namna ya kutumia mbinu hii darasani

Kwanza, onyesha kipande kifupi, dakika kumi zatosha. Pili, mwanafunzi mmoja asimulie kwa Kiswahili sanifu kile anachokiona, asitumie kivumishi chochote cha sifa. Tatu, wenzake wataje sifa, na kila atakayetaja aulizwe, "Umeiona wapi?" Nne, geukeni kisa cha Liyongo na kufanya vivyo hivyo.

Mfano wa jibu linalokubalika ni huu: "Liyongo ni mwerevu. Akiwa gerezani anatunga utungo wenye ujumbe uliofumbwa, ambao walinzi wanausikia bila kuuelewa, na kwa njia hiyo anapata tupa ya kukatia minyororo." Sifa, tendo, matokeo. Sentensi mbili tu, lakini shujaa yumo.

Tahadhari, ewe mtahiniwa: filamu hii si kitabu kilichoteuliwa wala si mighani. Usiitolee mifano katika mtihani. Ni jiwe la kunolea kisu. Ukishanoa, jiwe huachwa nyumbani.

Mazoezi

1. "Shujaa hajengwi na sifa anazopewa bali na matendo yake." Thibitisha kwa kurejelea Fumo Liyongo.

2. Eleza nafasi ya wahusika wa tabaka la chini katika ufanisi wa shujaa wa mighani.

3. Chagua mhusika mmoja katika tamthilia unayoisoma. Ondoa maneno yake yote na yale anayosemwa na wengine. Je, sifa zipi zinabaki?

Swali la tatu ndilo gumu zaidi. Wanafunzi wangu walipolijaribu, baadhi ya wahusika waliowapenda walibaki watupu. Walikasirika kidogo, kisha wakarudi kitabuni kusoma upya.