Vijana wa Kwale na mitandao (2): Msichana hana kijiwe

Wiki iliyopita tulitazama nani anamiliki simu. Leo tuulize simu hiyo inamfanyia kazi gani.

Mwaka 2015 Sam Roberts na Robin Dunbar walichapisha utafiti juu ya wanafunzi 30 wa Uingereza, waliofuatiliwa kwa miezi 18 tangu walipokuwa wakimaliza shule. Urafiki wa wasichana ulidumu kwa mazungumzo. Wa wavulana haukuokolewa na maneno. Ulidumu kwa kufanya mambo pamoja. Thelathini ni wachache, tena si Wadigo wa huku Kwale, lakini jambo hilo hata huku tunalijua.

Kabla hatujasingizia maumbile, pita Ukunda baada ya magharibi. Vijiwe vya bodaboda, vibanda vya kuonyesha mpira, ufuo wa Diani: wavulana watupu. Msichana akitoka sharti awe na sababu ya kutajika, iwe ni madrasa, duka, saluni au fundi cherehani. Arusi ndiyo ruhusa kubwa, na labda ndiyo maana maandalizi yake hayaishi.

Basi kundi la WhatsApp la wavulana ni ubao wa matangazo tu: mechi saa ngapi, nani ana pikipiki, mzaha mmoja au miwili. Marefu yatasemwa kijiweni. La wasichana ndilo kijiwe chenyewe. Humo ndimo sauti za dakika nne hurekodiwa kwa kunong'ona, mchango wa leso za sare hupangwa, na anayenuna huulizwa kulikoni.

Ila maneno ya barazani hupeperuka, ya simu hubaki. Picha ya ukumbi wa wanawake arusini, buibui limevuliwa, ikipigwa skrinishoti humfikia kaka kabla ya alfajiri. Wengi huko Msambweni huweka ua au kisogo pale pa picha ya wasifu. Wavulana huweka uso na miwani. Sheria ya Uhalifu wa Kompyuta ya 2018 humwadhibu anayesambaza picha za faragha, lakini picha ya gauni la arusi si rahisi kuingia humo, na kaka hangoji mahakama.

Mzazi anayenyang'anya simu hudhani ametoa adhabu sawa kwa wote. Mvulana ataenda kijiweni kulalamika. Dada yake amefungiwa marafiki wote kwa mpigo.

Wiki ijayo: vijana wa ufuoni na marafiki zao wa Ulaya.