Mkojo Usiozuilika: Ni Maradhi Yenye Tiba, Si Aibu ya Kufichwa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Baada ya darsa ya akina mama, swali moja lilinifikia kupitia kwa mke wangu. Mama aliyeliuliza alikuwa ameacha kuhudhuria tarawehe. Tangu amzae mwanawe wa nne, kila akikohoa, akicheka au akiinama kusujudu, mkojo humponyoka. Kwa miaka sita hakumwambia mtu, hata mumewe.

Nilianza na hukumu. Ambaye mkojo wake haukatiki kwa muda unaotosha udhu na sala, huyo ni mwenye udhuru: ajisafishe, ajifunge kitambaa au pedi, atawadhe baada ya wakati kuingia, kisha asali bila ya kukawia. Kitakachomtoka baada ya hapo amesamehewa. Ama anayepatwa mara moja moja, udhu wake hutenguka, naye hujisafisha na kutawadha upya. Fatima binti Abi Hubaysh alimwendea Mtume (s.a.w.) kumuuliza juu ya damu yake isiyokatika, na kwa swali lake umma mzima ukanufaika. Lau angalinyamaza kwa haya, wangapi wangalitaabika?

Lakini udhuru wa kisheria hauondoi wajibu wa kujitibu, na tiba ipo.

Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa mfano wa kitanda cha kamba, nayo hubeba kibofu, kizazi na utumbo. Mimba, uzazi, unene, kikohozi cha muda mrefu na kujikamua kwa kufunga choo huilegeza. Mwaka 1948 daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika juu ya mazoezi ya kuitia nguvu, na hadi leo mazoezi hayo ni katika tiba za mwanzo.

Namna yake ni hii. Lala au keti, kisha kaza kama azuiaye upepo na mkojo kwa pamoja, bila ya kubana mapaja, makalio wala pumzi. Shikilia kadiri ya sekunde 5, ulegeze kwa muda uo huo. Rudia mara 8 hadi 10, na ufanye hivyo mara 3 kwa siku. Kaza pia kabla ya kukohoa au kuinua ndoo. Usifanye mazoea ya kuukata mkojo ungali unatoka. Subiri angalau miezi 3.

Anayeshikwa na haja ya ghafla hufunzwa kuichelewesha kidogo kidogo, na apunguze chai na kahawa. Asijinyime maji, kwani mkojo mzito hukiudhi kibofu.

Wengi hukaza pasipo mahali pake. Kwa hiyo muone mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini, na una haki ya kuomba mwanamke mwenzako. Ukiona damu, homa au maumivu, mwendee daktari upesi. Na mkojo unaotiririka mchana na usiku baada ya uchungu wa uzazi uliorefuka huenda ukawa ni fistula, ambayo aghalabu huhitaji upasuaji.

Nanyi akina baba, mke akikufichulia jambo hili amekuamini. Usimcheke wala usimtenge. Mpeleke hospitali.

Mama yule alianza mazoezi. Baada ya miezi minne alituma salamu: hajapona kabisa, ila amerudi kwenye safu. Mwenyezi Mungu amtimizie shifaa, yeye na wote wanaonyamaza. Amin.