Mwenye nyumba hayuko, sisi ni wageni: tufanye nini na kaye ya nyumba huko Bujumbura?



Vita vilipofika Bukavu mwezi wa pili 2025, na tena Uvira mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule, maelfu ya jamaa zetu walivuka mpaka na kuingia Burundi. Wengi walipelekwa kambini. Wengine, pamoja na wale waliotangulia miaka ya nyuma, wanapanga nyumba Bujumbura, katika mitaa kama Buyenzi na Bwiza ambako Kiswahili kinasemwa kila siku. Kuna swali linalosumbua familia hizi na viongozi wao: mwenye nyumba anaishi mbali, na watu wanasema ni yeye wa kutuandikisha. Tufanye nini?

Kaye ya nyumba ni nini?

Nchini Burundi kila nyumba inatakiwa kuwa na kaye inayoitwa kwa Kifaransa cahier de ménage. Humo huandikwa watu wote wanaolala ndani ya nyumba, hata wageni, na viongozi wa mtaa huithibitisha. Tangu machafuko ya 2015, polisi wanaposaka mtaa, mara nyingi alfajiri, wanaomba kaye hiyo. Asiyeandikwa anaweza kutozwa faini au kupelekwa kuulizwa maswali, hata kama hana kosa lingine. Majirani nao humwogopa mtu wasiyemjua jina. Uvumi huanzia hapo, na mwisho unaangukia Wakongomani wote wa mtaa.

Msimngoje mwenye nyumba

Kutokuwepo kwake hakutakulinda siku ya msako. Atakayeulizwa ni wewe unayelala humo. Kwa hiyo tunashauri mambo haya:

1. Kabla ya kulipa, uliza nyumba ni ya nani, namba yake ya simu ni ipi, na nani anamwakilisha. Komisioneri aliyekuonyesha nyumba si lazima awe mwakilishi. Omba barua fupi yenye sahihi, na karatasi ya malipo kila mwezi.

2. Siku ya kuhamia, au kesho yake, nenda kwa nyumbakumi, halafu kwa mkuu wa mtaa. Fuatana na mlinzi wa nyumba au jirani mmoja anayeheshimiwa.

3. Mpigie mwenye nyumba simu mbele ya mkuu wa mtaa, wasemezane wenyewe. Asipopatikana, mwombe mkuu aandike tarehe uliyofika kujieleza, na majirani wawili wawe mashahidi. Tunza karatasi hiyo pamoja na kaye.

4. Andikisha kila mtu, watoto wachanga pia, kwa majina yale yale yaliyo kwenye vitambulisho vyenu. Mtoto akizaliwa, mgeni akifika au mtu akihama, rudini kurekebisha.

5. Ukilipa kitu chochote, omba karatasi ya malipo.

Tahadhari moja kubwa: wapangaji wengine huambiwa, «Tumieni tu kaye ya mwenye nyumba.» Msikubali. Kaye yenye majina ya watu wasiokuwepo, na isiyo na majina ya waliopo, inawafanya muonekane kama watu wanaojificha. Msikodi wala kuazima kaye ya jirani.

Kaye si karatasi ya ukimbizi

Kaye inaonyesha unalala wapi. Haionyeshi una haki ya kubaki nchini. Jambo hilo liko mikononi mwa ONPRA, ofisi ya serkali ya Burundi inayoshughulikia wakimbizi. Burundi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 katika mwaka 1963, na mwaka 2008 ikatunga sheria yake ya hifadhi. Mkataba huo unampa mkimbizi aliye nchini kihalali haki ya kuchagua mahali pa kuishi, kwa kufuata kanuni zinazowahusu wageni wote. Unamdai pia atii sheria za nchi iliyompokea. Kama ONPRA imekuelekeza kambini, waulize kwanza kabla ya kulipa nyumba mjini. Anayekaa mjini awe na karatasi zote mbili.

Kazi ya viongozi

Wazee, wachungaji, maimamu na wakina mama viongozi: msindikizeni aliyefika jana. Mjulisheni kwa nyumbakumi kabla nyumbakumi hajasikia habari zake kwa watu wengine. Kukitokea ugomvi kati ya mpangaji na mlinzi wa nyumba, usuluhisheni mapema, maana mlinzi aliyekasirika hatakubali kwenda kushuhudia. Lakini msitembeze orodha za majina ya wakimbizi, wala msimlazimishe mtu kueleza mbele za watu sababu ya kukimbia. Nyumbakumi anahitaji kujua ni nani analala ndani. Habari za vita alizopitia mtu ni za kuelezwa ONPRA, kwa siri.

Tunaomba kila familia iifungue kaye yake jioni ya leo na kuhesabu: je, majina yaliyoandikwa ni sawa na watu watakaolala humo usiku huu? Kama kuna hata mmoja aliyekosekana, kesho asubuhi mwende kwa nyumbakumi.