Pau Nyeusi Katika Vumbi Jekundu

Juu ya Daraja la J.P. Magufuli, pale Kigongo–Busisi, hupishana mizigo miwili isiyo na undugu. Lori la biskuti na soda linakwenda Geita. Gari la sampuli za mawe linatoka huko kwenda maabara Mwanza. Biskuti zitaliwa kabla ya mwezi kwisha, mawe yatasagwa na kuchomwa ili ijulikane yana dhahabu kiasi gani. Hata hivyo pakiti ya biskuti na mfuko wa mawe huwa na alama ya namna moja: pau nyeusi zilizosimama wima, nyingine nyembamba nyingine nene, zikiachana kwa nafasi nyeupe. Huo ndio msimbomilia.

Ukiuchukua mfuko wa mawe ukaupitisha mbele ya skana ya keshia, huenda namba ikasomeka vizuri kabisa, kisha kompyuta ikasema haijui bidhaa hiyo. Wengi hudhani bei imefichwa ndani ya mistari. Kwa kawaida haimo. Jina la bidhaa halimo, wala uzito, wala mwenye kiwanda. Kwenye alama ya dukani kilichomo ni namba tupu, na mengine yote yako kwenye daftari la kompyuta lililo nyuma ya namba hiyo. Duka hili linaweza kuuza kwa shilingi 1,000 na la jirani kwa 1,200, mistari ikiwa ile ile.

Namba ya dukani kwa kawaida ni ya mfumo uitwao EAN-13, yenye tarakimu 13. Upana wote wa alama umegawanywa katika vijisehemu 95 vilivyo sawa, na kila tarakimu inayochorwa hupewa vijisehemu 7, vyenye pau mbili na nafasi mbili. Skana humulika mwanga mwekundu. Nyeupe huurudisha, nyeusi huumeza, na jicho la mashine hupima mwanga umerudi kwa upana gani na umekatika kwa upana gani. Kwa kuwa pau ni ndefu, mashine inaweza kupita juu, katikati au chini na kupata jibu lile lile. Ndiyo maana mkwaruzo wa kukata alama kwa mlalo hauiui, lakini mkwaruzo wa wima unaweza kumeza upau mzima.

Ukihesabu kwa makini utaona tarakimu zilizochorwa ni 12 tu. Ya kwanza haijachorwa mahali popote. Mfumo wa Marekani, UPC, ulikuwa na tarakimu 12, na Wazungu wa Ulaya waliofuata katika miaka ya 1970 walitaka moja zaidi bila kuongeza urefu wa alama. Wakafanya ujanja: tarakimu sita za upande wa kushoto zinaweza kuchorwa kwa mitindo miwili, na mpangilio wa mitindo hiyo ndio unaoitaja tarakimu ya kwanza. Katika historia yote ya mistari hii, hakuna ninachokiona kimebuniwa kwa akili kuliko hicho. Mwanzo wenyewe ulikuwa wa polepole. Norman Joseph Woodland na Bernard Silver walipata hataza yao Marekani mwaka 1952, wakati leza haijavumbuliwa na kompyuta ni kubwa kama chumba, na ilibidi kusubiri hadi tarehe 26 Juni 1974 ndipo pakiti ya chingamu iliposomwa na mashine ya keshia katika mji wa Troy, Ohio.

Namba za bidhaa nyingi za Tanzania huanza na 620. Hicho ni kiambishi cha namba zinazotolewa na GS1 Tanzania, tawi la shirika la kimataifa linalogawa namba ili zisigongane duniani. Kenya ni 616. Kabla Tanzania haijapata ofisi yake, wazalishaji wa hapa walichukua namba Kenya au Afrika Kusini, kwa hiyo ni kosa kusoma kiambishi kama cheti cha uraia wa bidhaa. Namba 620 inasema tu ni ofisi gani iliyoitoa. Mchele wa Thailand uliofungashwa na kampuni iliyosajiliwa Dar es Salaam unaweza kuwa na 620 bila kosa lolote.

Tarakimu ya mwisho ni mlinzi, na hesabu yake unaweza kuifanya ukiwa umesimama kwenye rafu. Tuseme namba yetu ya mfano ni 620123456789. Jumlisha tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea: 6+0+2+4+6+8, unapata 26. Za nafasi ya pili, ya nne na kuendelea ni 2+1+3+5+7+9, yaani 27. Zidisha kwa 3, unapata 81. Jumla 107. Kufika 110 panahitajika 3, basi tarakimu ya 13 ni 3. Mashine hurudia hesabu hiyo kila inaposoma, na isipopatana hukataa. Karani akikosea tarakimu moja anapoingiza kwa mkono, kosa litakamatwa kila mara.

Kisichokamatwa kwa hesabu ni vumbi. Udongo mwekundu wa Geita na Kahama una rangi hiyo kwa sababu ya chuma kilichoshika kutu ndani yake, na kitu chekundu huonekana chekundu kwa kuwa kinarudisha mwanga mwekundu. Skana nayo inamulika mwekundu. Kwa hiyo tabaka la vumbi juu ya upau mweusi hulifanya eneo hilo lirudishe mwanga ambao lilipaswa kuumeza, na tofauti ya nyeusi na nyeupe inapungua hadi mashine inasitasita. Sheria hiyo hiyo ya fizikia inawahusu wachapaji: pau nyekundu juu ya karatasi nyeupe zinapendeza machoni na hazionekani kabisa kwa skana.

Mfanyabiashara wa mchele wa Kahama anayetaka kuingia supamaketi za Mwanza ana la kujifunza zaidi ya rangi. Mfuko wa kilo 1 na wa kilo 5 ni bidhaa mbili, kila mmoja na namba yake. Boksi linalobeba mifuko 12 nalo lina namba yake, mara nyingi katika mfumo wa ITF-14, ule wenye pau nene na mpaka mzito kuuzunguka. Mpaka ule si pambo. Wino ukigusa karatasi ngumu ya boksi husambaa, kwa hiyo pau zinahitaji unene, na mpaka husaidia mgandamizo wa chapa kuwa sawa na kuzuia skana isiyonyooka isisome nusu ya namba ikadhani imemaliza.

Ndani ya uzio wa mgodi mambo hubadilika. Stoo ya mgodi mkubwa ina maelfu ya vipuri ambavyo havitauzwa dukani kamwe, kwa hiyo hakuna haja ya kuomba namba kwa mtu. Huko hutumika Code 39, iliyobuniwa mwaka 1974, ambayo inaandika herufi pamoja na tarakimu: kila herufi ina pau na nafasi 9, tatu kati yake zikiwa nene. Ni rahisi kuchapa, ila inakula nafasi. Code 128 ya mwaka 1981 inabana zaidi, kwani inaweza kuweka tarakimu mbili katika mchoro mmoja, tena ina tarakimu yake ya ulinzi kwa lazima, jambo ambalo Code 39 imeliacha hiari.

Kazi nzito kuliko zote ni ya sampuli. Timu ya uchorongaji ikitoa mwamba ardhini, hukatwa vipande, kila kipande kikaingia mfukoni na tiketi yenye namba. Nakala ya tiketi hubaki kwa mjiolojia pamoja na maelezo ya shimo na kina. Maabara hupokea namba pekee. Haijui jiwe limetoka wapi, na hilo limekusudiwa. Kati ya mifuko halisi mjiolojia huchomeka mingine ya kutega: jiwe lisilo na dhahabu kabisa, unga ambao kiwango chake kimeshathibitishwa, na kipande kilichogawanywa mara mbili kwa namba tofauti. Maabara ikisema jiwe tupu lina gramu 2 kwa tani, kuna mahali pamechafuka au lebo zimebadilishana. Uchomaji wenyewe hufanywa kwa gramu 30 au 50 za unga katika tanuru la nyuzijoto zaidi ya 1,000, na humo karatasi haiingii. Hapo utambulisho unabebwa na nafasi ya chungu kwenye safu, kisha namba inarudi kwenye kompyuta pamoja na jibu.

Utaratibu huu wote unalinda uhusiano wa namba na mfuko. Hauulindi mfuko wenyewe. Mwaka 1997 kampuni ya Bre-X ya Kanada ilianguka baada ya kugundulika kuwa sampuli za Busang, Indonesia, zilinyunyiziwa dhahabu kabla ya kufika maabara. Namba ingeweza kusomeka sawasawa kila hatua, na jiwe likawa limeshadanganya.

Mashariki ya Kongo na Rwanda wamelijua hilo kwa njia nyingine. Tangu miaka ya 2010 viroba vya koltani, kasiterite na wolframiti vimefungwa lebo za ITSCI, mpango wa kufuatilia madini yanakotoka, zenye namba isiyojirudia, moja mgodini na nyingine kwa mnunuzi. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilidai kuwa lebo hizo zilikuwa zikifungwa kwenye mawe ya migodi isiyoruhusiwa, na ITSCI ikakanusha. Vyovyote iwavyo, udhaifu uliojadiliwa ulikuwa ni wa mkono unaofunga lebo.

Kwa dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Geita na Shinyanga, lebo ya aina hiyo ina ugumu zaidi. Koltani husafiri ndani ya kiroba hadi mbali. Jiwe la dhahabu linatoka duarani, yaani kwenye shimo la mchimbaji, linasagwa kwenye karasha mara nyingi pamoja na mawe ya wengine, dhahabu yake inakamatwa kwa zebaki, na marudio, yaani mchanga unaobaki, huuzwa kwa wachenjuaji ambao nao huchanganya ya maduara mengi. Ikishayeyushwa, dhahabu ya duara moja haina tofauti unayoweza kuibandika karatasi. Ndiyo maana katika masoko ya madini, kuanzia lile la Geita lililofunguliwa Machi 2019, kinachosajiliwa ni uzito, ubora uliopimwa kwa mashine, na leseni ya aliyeileta.