Kwa Nini Twampenda Mcheza Kamari?

Sisi tuliolelewa Makenke, karibu na kambi ya jeshi hapa Mbarara, twapenda sana sinema za kauboi. Sababu yake si ngumu. Ankole ni nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu, na kauboi ni mchunga ng'ombe, ingawa amepanda farasi na ana bastola kiunoni. Leo nataka kueleza habari za shujaa mmoja wa sinema hizo ambaye hachungi ng'ombe wala hapendi bastola. Huyo ni Bret Maverick, mcheza kamari. Tena nitaeleza jinsi nilivyojipotosha mwenyewe kwa kumwelewa vibaya.

Kwanza jina lake. Katika karne ya 19 alikuwako Texas mtu wa kweli aitwaye Samuel Maverick. Wenzake waliwachoma ng'ombe wao alama kwa chuma cha moto ili kila mmoja atambue mali yake, lakini yeye hakuwatia wake alama. Basi watu wakazoea kumwita kila ndama asiye na alama "maverick", na baadaye likawa jina la mtu yeyote asiyefuata kundi.

Mchezo wa televisheni wenye jina hilo ulianza kuonyeshwa Marekani mwezi wa Septemba 1957, ukaendelea mpaka 1962. Aliyeubuni ni Roy Huggins. James Garner aliigiza Bret, na Jack Kelly aliigiza ndugu yake, Bart. Siku zile mashujaa wengi wa kauboi walifanana: hodari, wepesi wa bastola, wasio na hofu. Huggins akageuza mambo. Bret huishi kwa karata, kazi ya jasho haitaki, na akiona hatari hutafuta kwanza mlango wa nyuma.

Mimi nilimjua katika kibanda cha video huko Nakivale, nilipokwenda kumtembelea rafiki yangu wakati wa likizo. Ilikuwa ile sinema ya 1994, ambayo Mel Gibson ndiye Bret, naye Garner amerudi akiwa mtu mwingine. Mtafsiri alieleza kwa Kiswahili cha Kongo, nasi tulicheka mpaka machozi. Baadaye kaka yangu alipata diski za mchezo wenyewe wa zamani, tukazitazama nyumbani.

Baba yangu, ambaye ni askari, alipomwona Bret akikimbia hakumcheka. Alisema kwamba mtu aliyekwisha kusikia risasi hana haraka ya kuzisikia tena. Nami nikaja kusoma kwamba Garner mwenyewe alipigana vita vya Korea akajeruhiwa mara mbili. Aliyeigiza mwoga, basi, alikuwa askari kweli.

Hadithi niipendayo zaidi ilionyeshwa mwezi wa Novemba 1958. Bret ameshinda dola 15,000 katika karata, akaziweka benki usiku. Kesho yake mwenye benki akana kwamba hakupokea kitu. Shujaa mwingine angalichomoa bastola. Bret aliketi barazani, mbele ya benki, akichonga kijiti. Watu wa mji walimcheka kila alipowaambia kwamba jambo lake linaendelea vizuri. Kumbe Bart na rafiki zao walikuwa wamemzunguka yule mwizi kwa habari za hisa, mpaka tamaa yake mwenyewe ikamnasa, na fedha zikarudi. Hata tone la damu halikumwagika.

Hapo yaonekana kwa nini twampenda. Hatumpendi kwa sababu ya kamari. Twampenda kwa kuwa azijua kasoro zake wala hazifichi, ana subira, na humshinda mwenye nguvu kwa akili. Sungura wa hadithi za bibi zetu ndiye huyo huyo, ila Bret amevaa kofia.

Lakini mimi sikuona hayo. Niliona karata na fedha tu. Nilipokuwa kidato cha pili, mama alinipa shilingi 20,000 za kununulia karatasi na ufagio wa shule. Nikaenda katika duka moja la kubahatisha mpira, nikaunganisha mechi 10. Jioni ile fedha zote zilikuwa zimekwisha, nami nikamwambia mama kwamba zimedondoka njiani. Akakopa nyingine kwa jirani.

Sasa tupige hesabu ambayo sikuipiga siku ile. Sarafu ikitupwa juu, ina pande mbili, kwa hiyo malipo ya haki kwa mshindi ni mara 2 ya fedha aliyoweka. Tuseme duka hulipa mara 1.9. Ukiweka shilingi 1,000 mara 100, umetoa 100,000, na kwa wastani utarudishiwa 95,000. Ukiunganisha mechi 10, kila moja ikiwa kama kutupa sarafu, nafasi yako ya kuzipata zote ni 1 katika 1,024, hali malipo yatakuwa kama mara 613 tu. Kadiri unavyounganisha, ndivyo duka linavyopata zaidi.

Bret huketi mbele ya watu wenye nyuso, aweza kuzisoma na kuondoka mambo yakiharibika. Duka halina uso wa kusomwa. Tena Bret ana mwandishi, ambaye amekwisha kuamua kwamba fedha zitarudi kabla hadithi haijaisha. Mimi na wewe hatuna mwandishi wa namna hiyo. Hapana shaka ndiyo maana sheria ya Uganda ya mwaka 2016 yamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari.

Nilikaa na uongo ule mihula miwili. Mwisho nilimweleza mama kweli. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama yule kauboi wangu aliwahi kumdanganya mama yake. Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo, wenzangu, mtazameni Bret, mcheke naye, mjifunze subira yake pale barazani. Karata zake mziache ndani ya sinema. Majuto ni mjukuu.